Sauti ya Mbwa na Nukta ya Ramani

Usasi wa mbwa ni elimu ya sikio kabla ya kuwa elimu ya jicho. Msasi akishamwachia mbwa wake kichakani hamwoni tena, na kinachobaki kati yao ni sauti. Kwa sauti hiyo hujua kama mbwa amepata harufu au ameipoteza, kama anafukuza au amesimama, kama aliye mbele yake ni paa mwenye kukimbia au nguruwe mwenye kugeuka. Aliyezoea hasikii mbwa tu. Humsikia mbwa fulani, mwenye jina na umri na tabia yake, akisema jambo fulani. Hata ukimya una tafsiri zake: kuna ukimya wa mbwa anayenusa, ukimya wa mbwa aliyechoka, na ukimya wa mbwa aliyefika mahali ambapo hatarudi.

Ukimya huu wa mwisho ndio uliozaa chombo kinachojadiliwa hapa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wasasi wa Marekani walikwisha kuanza kuwavisha mbwa wao mikanda ya shingoni yenye redio ndogo. Msasi alishika antena, akaizungusha huku na huku, na pale mlio ulipozidi nguvu akajua mbwa yuko upande gani. Alijua upande tu, umbali alikisia. Wakati huo mfumo wa satelaiti wa GPS ulikuwa ukijengwa. Ulitangazwa kuwa umekamilika, ukiwa na satelaiti 24, mwaka 1995, lakini hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiuvuruga makusudi usahihi wake kwa watu wasio wanajeshi, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, kosa lilishuka ghafla, na chombo kilichokuwa kikitosha kumwonesha baharia ghuba yake kikaweza sasa kumwonesha mtu mti wake. Mwaka 2007 kampuni ya Garmin ikaanza kuuza Astro, kifaa cha mkononi kilichotengenezwa khasa kwa ajili ya mbwa wa usasi.

Namna kinavyofanya kazi si ngumu kueleza. Mkanda wa shingoni hupokea ishara kutoka satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu, ukahesabu mahali mbwa alipo, kisha ukapeleka habari hiyo kwa mawimbi ya redio hadi mkononi mwa msasi. Haihitaji mtandao wa simu. Kila baada ya sekunde chache habari hufika upya. Kiooni pana ramani ya kidijitali: kontua za vilima, mito, vinamasi, barabara, na juu ya ramani hiyo kuna alama ndogo yenye jina la mbwa, nyuma yake umekokotwa mstari wa njia yote aliyopita. Alama hubadilika mbwa akikimbia, akisimama, au akiwa chini ya mti aliompandisha mnyama. Msasi aliyekuwa akisikiliza sasa anatazama.

Yafaa basi kuuliza, bila ya kukimbilia kulaumu wala kusifu: anayetazama amejua nini ambacho anayesikiliza hakukijua? Na swali zito zaidi: kujua huko kunampa haki gani juu ya mbwa, juu ya windo, na juu ya jirani yake? Kujua ni neno moja lenye vyumba vingi. Kuna kujua mahali, yaani kitu kiko wapi. Kuna kujua jambo, yaani huko kilipo kinafanya nini na kwa sababu gani. Na kuna kujua hukumu, yaani kilichofanyika ni haki au si haki. Ramani ya mkononi imefungua chumba cha kwanza wazi kabisa. Hatari iko kwa mwenye kuingia chumba hicho akadhani ameimiliki nyumba nzima.

Uadilifu unataka ianzwe kwa kheri ya chombo, nayo si ndogo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mbwa huachiwa usiku kumfuata rakuni, mnyama mdogo mwenye rangi nyeusi kuzunguka macho, ambaye akibanwa hupanda mti. Mbwa akiwa kwenye harufu hutoa mlio mrefu wa kuvuta. Rakuni akishapanda, mlio hugeuka kuwa mfupi, wa kukatakata na wa haraka. Lakini mbwa hupotea. Desturi ya kale ya wasasi hao ni kwamba kulipokaribia kucha na mbwa hajarudi, mtu alivua koti lake, akaliacha chini pale pale alipomwachia mbwa, akaenda zake nyumbani. Akirejea mchana, mara nyingi alimkuta mbwa amelala juu ya koti. Ni desturi nzuri kuisimulia, na wengi huisimulia kwa huzuni ya kitu kilichopita. Hata hivyo isisahauliwe kwamba koti halikuwa likileta mbwa wote. Wako waliogongwa na magari, wako waliokufa maji, wako walionaswa wakafa kwa kiu. Nchini Finland, na katika jimbo la Wisconsin, wako walioraruliwa na mbwa mwitu wa nchi za baridi. Koti lilimwachia mbwa mzigo wote wa kurudi. Mkanda wa shingoni umemtaka bwana wake naye anyanyuke amwendee. Anayesema kwamba zama za koti zilikuwa na heshima zaidi, na amuulize mbwa aliyevunjika mguu bondeni usiku wa baridi.

Kheri ya pili imekuja na mzigo wake. Mbwa hajui mpaka. Harufu ya windo hupita chini ya ua wa waya kama upepo unavyopita, na mbwa huifuata. Ugomvi kati ya wasasi na wenye ardhi ni wa miaka mingi huko Marekani. Sheria ya jimbo la Virginia, kwa mfano, kwa muda mrefu imemruhusu msasi kuingia katika ardhi aliyokatazwa ili amrudishe mbwa wake, kwa sharti asichukue bunduki wala upinde, na mwenye ardhi akimuuliza jina asilifiche. Sheria za jimbo hilo zimefanya pia kuwa ni kosa mtu kumvua mbwa mkanda wenye redio kwa nia ya kumzuia mwenyewe asimpate. Zamani palikuwa na neno moja lililomaliza nusu ya magomvi haya: sikujua. Sikujua kama mbwa wangu amevuka; sikujua kama hapa ni kwako. Tangu mwaka 2009 kampuni ya onX ya jimbo la Montana ilipoanza kuuza ramani zinazoonesha mipaka ya viwanja na majina ya wenyewe, ramani zinazowekwa ndani ya vifaa hivi hivi vya mkononi, neno hilo limekosa pa kukaa. Msasi anauona mstari, anamwona mbwa anauelekea, na ana dakika kadhaa za kuamua.

Hapa chombo hakikumpunguzia mtu kazi, kimemwongezea. Kutojua kulikuwa kivuli ambacho watu wa kheri na watu wa shari walijipumzisha chini yake pamoja, bila ya kuweza kutenganishwa. Kivuli kimeondoka. Mtu anayemwachia mbwa wake karibu na mpaka akijua kwamba windo litakimbilia ng'ambo, kisha akaenda kumngojea huko kwa kisingizio cha kumrudisha, hana tena wa kumdanganya, na wa kwanza asiyedanganyika ni yeye mwenyewe. Macho hayana pazia, walisema wahenga, na aliyeona hawezi kujirudisha katika hali ya asiyeona.

Upande wa windo je? Mwaka 1887 Theodore Roosevelt na wenzake waliunda Boone and Crockett Club, jumuiya iliyoeneza fikra kwamba usasi una uungwana wake: mnyama aachiwe nafasi ya kweli ya kuokoka. Mhispania José Ortega y Gasset, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1942 kwa kitabu cha usasi cha Conde de Yebes, alilifikisha wazo hilo mbali zaidi. Alitazama namna silaha za binadamu zilivyozidi nguvu karne baada ya karne, akaona kwamba binadamu amekuwa akijiwekea mipaka mwenyewe, kwani nguvu ikishinda kabisa usasi hufa na hubaki uchinjaji. Kwa mizani hii ramani ya mkononi ni jambo la kufikiriwa. Kweli, ramani haimwoneshi mnyama. Inamwonesha mbwa tu. Lakini nukta ya mbwa inapokwenda mbio kwa mstari ulionyooka kuelekea barabara, msasi mwenye gari anaweza kuitangulia, akasimama pale windo litakapotokea, bila ya kukanyaga hata tawi moja la msitu. Mnyama amekimbia kwa akili yake yote, na akili hiyo imesomwa mgongoni mwa mbwa kama barua isiyofungwa.

Ortega aliona jambo jingine linalogusa zaidi. Msasi, alisema kwa maana yake, ni mtu aliye macho. Kwa kuwa hajui jambo litatokea upande gani, huupa kila upande haki yake: hutazama pasipo kukodolea, husikiliza majani, upepo, ndege aliyeruka ghafla. Kutojua ndiko kulikomfanya awepo pale alipo. Kioo cha kifaa ni kidogo kuliko kiganja, na mwenye kukitazama hana pande nyingi. Anaweza kusimama chini ya mbalamwezi katikati ya msitu ulio hai, na uso wake ukawa umeangazwa na mwanga wa kifaa peke yake.

Isije ikadhaniwa kwamba shaka hii ni ya wapenda mambo ya kale tu. Katika kijiji cha Igloolik, kaskazini kabisa mwa Kanada, wasasi wa Kiinuiti walianza kutumia GPS katika miaka ya 1990, na Claudio Aporta na Eric Higgs waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2005. Wazee wa huko walijua njia kwa matuta ya theluji yanayojengwa na upepo mkuu wa nchi, kwa nyota, kwa majina ya mahali yaliyohadithiwa safarini. Na zamani, dhoruba ilipoziba kila kitu, mbwa waliovuta gari la theluji walijua njia ya nyumbani. Mashine za kupitia juu ya theluji ziliwaondoa mbwa kwanza. GPS ilikuta nafasi ya mbwa imekwisha kuwa tupu. Wazee hawakuikataa. Ukungu ukishuka juu ya bahari iliyoganda, chombo huokoa roho. Walichokiogopa ni kijana anayefika bila ya kuwa amepita, na ambaye betri ikimfia kwenye baridi kali hana anachokijua juu ya ardhi anayoikanyaga.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda Igloolik kulielewa jambo hili. Dira ilipofika katika majahazi, haikumfanya nahodha kuwa mjinga. Aliendelea kuijua kaskazi na kusi, rangi ya maji juu ya mwamba, na nyota inayochomoza saa ya kuvuka mkondo. Dira ilimjibu swali moja, akamwachia nafasi ya kuyauliza mengine. Chombo hakiharibu elimu kwa kuwapo kwake. Elimu huharibika pale mtu anapoacha kuuliza yale ambayo chombo hakiyajibu, kisha akaanza kuamini kwamba hayakuwa maswali.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Finland. Nchi hiyo ina mbwa wake wa kitaifa tangu 1979, mbwa mwekundu mwenye masikio yaliyosimama, ambaye kazi yake ni kumtafuta ndege mtini na kumbwekea mfululizo hata ndege huyo, akili yake ikiwa kwa mbwa, asimwone mtu anayenyemelea. Mbwa wa aina nyingine hufanywa kumsimamisha hirvi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama makoleo. Mwaka 2012 taasisi ya serikali ya upimaji ardhi ilizifungua ramani zake za nchi nzima zitumike bure, na vifaa vya wasasi vikazidi kuwa na ramani nzuri kuliko zile walizokuwa nazo maofisa wa zamani. Mikanda ya mbwa huko haioneshi mahali tu. Ina uwezo wa kuhesabu mabweko. Kiooni, pembeni mwa nukta, hutokea tarakimu: mbwa amebweka mara ngapi kwa dakika. Tarakimu ikiwa kubwa na nukta imesimama, hirvi amesimama. Tarakimu ikishuka, huenda anaondoka.

Hapa sauti yenyewe, ile iliyokuwa lugha, imegeuzwa hesabu. Hesabu si uongo. Ina manufaa kwa msasi aliye kilomita tatu upande ambao upepo hauleti kitu. Lakini mabweko 60 kwa dakika ya mbwa mwenye furaha na mabweko 60 ya mbwa mwenye hofu huandikwa kwa tarakimu zile zile. Kilichokuwa kikitofautisha, yaani ule ukali, ule mtetemo, ile pumzi inayokatika, kimebaki msituni. Yeyote aliyewahi kuhesabu mizani za shairi analijua hili bila ya kuelezwa: mizani zikitimia hujulikana kwamba ubeti umesimama, wala haijulikani bado kama umesema kitu. Si ajabu kwamba katika mashindano ya usiku ya mbwa wa rakuni huko Marekani alama zimekuwa zikitolewa kwa sikio. Mwenye mbwa hutamka mbele ya waamuzi kwamba huyu aliyelia sasa ni wangu, au kwamba wangu ameshafika mtini; na akikosea, hupoteza.

Kuna mahali ambapo suala hili liliulizwa karne nyingi kabla ya satelaiti, na kwa ukali wa fikra unaostahili kukumbukwa. Aya ya nne ya Sura ya Al-Maida imehalalisha kile wanachokamata wanyama wa usasi waliofunzwa, na neno la Kiarabu lililotumika humo kwa mwenye kuwafunza limetokana na jina lenyewe la mbwa. Adiy bin Hatim, mwana wa Hatim wa kabila la Tai aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mtu wa usasi, na maswali aliyomuuliza Mtume yamehifadhiwa katika Bukhari na Muslim. Mafundisho yake kwa ufupi ni haya: ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula alichokukamatia. Mbwa akila katika windo, usile, kwani huenda amejikamatia mwenyewe. Na ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako, usile, kwa kuwa ulitaja jina juu ya mbwa wako, hukutaja juu ya yule mwingine.

Wasasi wa Unguja, wale wa kusini waliokwenda uwandani na mbwa na nyavu kuwatoa nguruwe waliokula mihogo, au kutafuta paa, hawakuhitaji kufafanuliwa uzito wa hukumu hizi. Mbwa wao walikuwa wengi na wa watu mbalimbali, na kichaka cha maweni hakimruhusu mtu kuona hatua kumi mbele. Kilichokuwa kikiendelea huko ndani kilijulikana kwa sauti, na kwa dhana.

Sasa na ichukuliwe hali ya Adiy, kisha apewe mtu wa hali hiyo ramani ya mkononi. Amemtuma mbwa wake. Kiooni anaona nukta mbili, wake na wa mwingine, zikisogea bondeni. Anaona wake ametangulia. Nukta zinakutana, zinasimama. Akifika, windo limekufa. Je, ramani imemwondolea shaka? Imemwambia nani alifika kwanza. Haikumwambia nani aliuma. Kosa la mita chache katika hesabu ya satelaiti ni kubwa kuliko urefu wa mbwa wawili, na hata lau kosa lingekuwa sifuri, kuwapo mahali si kutenda. Na lile swali la pili, kama mbwa alikamata kwa ajili ya bwana wake au kwa ajili ya tumbo lake, ni swali la nia, na nia haina kontua wala haipatikani kwa satelaiti 24 wala 240.

Ubora wa hukumu ile ni kwamba ilikubali kuwapo kwa lisilojulikana, ikamwelekeza mtu afanye nini mbele yake: ajizuie. Mahali ambapo elimu inakoma, mkono nao ukome. Jukumu la msasi limefungwa pale alipolishika kweli, yaani katika kutuma na katika kutaja. Kilicho nje ya hapo, akikitilia shaka, hukiacha. Zama za vifaa zina tabia nyingine. Kwao shaka ni upungufu wa chombo, na dawa yake ni chombo kipya: mkanda unaoonesha mahali, kisha unaohesabu mabweko, na kesho pengine unaopima mapigo ya moyo. Kila chombo hupunguza shaka kidogo, na kila kinapopunguza humzoesha mtu kudhani kwamba iliyobaki ni ndogo mno kuweza kuuzuia mkono wake.

Mkono huo sasa umepewa urefu. Mwaka 2013 Garmin ilitoa Alpha, kifaa kilichounganisha ramani na mkanda wa mafunzo. Kwa kitufe kilicho pembeni mwa kioo, bwana humpelekea mbwa wake mlio, mtikisiko, au mshtuko wa umeme shingoni, naye mbwa akiwa mbali kabisa na upeo wa macho. Wales ilipiga marufuku mikanda ya mshtuko mwaka 2010. Katika majimbo mengi ya Marekani ni kitu cha kawaida dukani. Watetezi wake wana hoja, na hoja hiyo isikike. Mbwa anayekimbilia barabara kuu hasikii tena kuitwa, na mshtuko mmoja huenda ukamwokoa asigongwe. Anayelipinga hilo bila ya kufikiri hajawahi kuokota mbwa barabarani.

Lakini matumizi hayaishii hapo. Mbwa huadhibiwa pia kwa kufuata mnyama asiyetakiwa, kwa kuzubaa, kwa kuacha njia. Na njia hiyo ni nini kwa aliyeshika kifaa? Ni mstari uliokuwa umenyooka, kisha ukapinda. Msasi ameuona mstari ukipinda, akasema moyoni: ameacha windo, anafukuza paa asiyeruhusiwa. Akabonyeza. Huko bondeni mbwa alikuwa amenusa harufu ya mbwa mwitu, akawa anajiepusha. Au alikuta maji yamejaa, akawa anatafuta kivuko. Au windo lenyewe lilipinda, naye alikuwa akilifuata kwa uaminifu kabisa. Ameumizwa kwa kufanya kazi yake, na hakuna wa kumweleza ni kwa nini. Msasi wa zamani naye alimpiga mbwa, na pengine alimpiga kwa ukatili zaidi. Hata hivyo ilimlazimu kumfikia kwanza, na akimfikia aliona alichokuwa akifanya, aliona macho yake, na mara nyingine mkono ulioinuliwa ukashuka wenyewe. Kilichopotea katika chombo kipya ni ile safari ya miguu iliyokuwa kati ya hasira na fimbo. Anayebonyeza haadhibu mbwa. Anaadhibu nukta, na maumivu yanamfika mbwa.

Hapo ndipo jawabu la swali la mwanzo linapojitokeza. Kujua mahali pa kiumbe kunampa mtu haki ya kumwendea: kumtafuta aliyepotea, kumzuia asiingie barabarani, kumrudisha kutoka kwa jirani na kuomba radhi. Kunampa pia wajibu ambao hakuwa nao, kwani aliyejua hawezi kusema hakujua. Lakini hakumpi haki ya kuhukumu. Hukumu inataka kujua jambo, na jambo hujulikana kwa kufika, kwa kusikiliza, au kwa kuwa na historia ndefu na yule anayehukumiwa, hata sauti yake moja ikatosha. Penye mahali bila ya jambo, yafaa kanuni ya Adiy itumike, na mkono ujizuie.

Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, husema methali, na maana yake si ukali tu; ni kwamba mbwa na bwana wake hufanana kwa kuishi pamoja. Mbwa aliyefunzwa kwa kusikilizwa hujua kusema. Mbwa aliyezoea kwamba yuko peke yake msituni pamoja na mshtuko usiokuwa na uso, huenda akanyamaza, maana hana anayemwambia. Na kinachosemwa juu ya mbwa hakiishii kwa mbwa. Wapo leo wazazi wanaofuata watoto wao kwa nukta iliyo katika simu, na matajiri wanaofuata madereva wao vivyo hivyo. Nao huona mstari umepinda, wakakasirika kabla ya kuuliza njia ilikuwaje.

Wasasi wenye busara, huko kwenye misitu ya rakuni na ya hirvi, wamekwisha kujipatia adabu yao bila ya kungoja mwanafalsafa. Kifaa hukitia mfukoni, kikiwa kimewashwa. Husimama gizani wakasikiliza, kila mmoja akimtaja mbwa wake kwa sauti. Ukimya ukizidi kipimo, hukitoa wakakitazama, wakajua ni upande gani wa kwenda. Kisha huenda kwa miguu.